Farasi Asiyepaswa Kuwa na Jina

Arzue alikuwa hodari wa kila kazi ya zizini isipokuwa moja, kunyamaza. Mpe farasi jike aliyeshindwa kuzaa, atamzalisha huku akimwimbia. Mpe maziwa, atakutolea jibini linalosifiwa mpaka ng'ambo ya ziwa la chumvi. Lakini mwambie akae na kiumbe chochote kwa muda wa kuchemsha maji bila kukisemesha, hawezi. Alisemesha mbuzi, alisemesha tanuri likichelewa kushika moto, alisemesha hata theluji ya mlimani akiona inachelewa kuyeyuka. Mumewe, Ulluse, alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika, na watu wa bonde letu walikuwa wakitania kwamba mungu Haldi aliwapa wawili hao mfuko mmoja wa maneno wagawane, mke akauwahi.

Sasa mtu kama huyo kumpa alee farasi wa mfalme ni kumtafutia balaa. Sisi Wamannai wa upande huu wa Izirtu, mji wa mfalme wetu, tuna sheria yetu ya farasi, na sheria yenyewe ni kimya. Dume anayezaliwa bondeni hawekewi tandiko, hapandwi, halishwi kwa kiganja, na zaidi ya yote haitwi jina, mpaka theluji yake ya tatu iyeyuke na wakaguzi wa mfalme waje kumtazama. Wakimpenda wanamchukua, na huko aendako ni mtu mmoja tu, yule atakayempanda vitani, ndiye atakayempa jina. Farasi aliyekwisha kuitwa ana mwenyewe tayari. Akipandwa na mwingine, siku mishale ya Waurartu itakapoanza kuvuma atageuza kichwa na kurudi kwao. Ndivyo tunavyoamini, na majirani zetu wote wanaogombea farasi zetu, Waurartu, Waashuru na hata Wamedi, hawajawahi kutuambia tumekosea.

Nyumba iliyotoa farasi haitoi mtu. Nyumba isiyo na farasi wa kutoa hutoa mwanamume, naye hupelekwa juu milimani, mpakani na Urartu, kubeba mawe ya ngome mpya. Mume wa jirani yao Shunae alikwenda huko akiwa mzima, kifua kama mlango, na kilichorudi ni mkanda wake. Ukuta ulimwangukia. Ulluse yeye hakuwa na kifua cha kwenda kokote. Kila baridi ilipoingia alikohoa mpaka mbwa wa jirani wakaitikia, na Arzue alilala akisikiliza kikohozi kile kama mtu anayesikiliza mvua juu ya dari bovu.

Kwa hiyo jike wao alipozaa dume, mwekundu, mwenye baka jeupe puani, miguu mirefu isiyojua pa kwenda, Arzue alilia kwa furaha palepale kwenye majani makavu. Dume huyo ndiye angembakisha mumewe nyumbani. Akajiapia kwamba safari hii atafunga mdomo.

Alijitahidi, tusimwonee. Alimpelekea maji kimya, akamwondolea mavi kimya, akawa anaingia zizini amebana midomo mpaka Shunae akamuuliza kama ana jino bovu. Hali hiyo ilidumu mpaka asubuhi moja ya baridi kali. Arzue alikuwa ametoka kuvunja barafu kisimani, vidole vimekufa ganzi, akaweka ndoo chini, na yule dume akaja mbio akaipiga teke, maji yote chini.

"Irishani!" Arzue akafoka. "Hebu acha utundu!"

Kisha akakaa chini kwenye matope yale.

Irishani lilikuwa jina la mwanawe. Mtoto wao wa pekee, ndiyo kwanza ameanza kuota ndevu mwaka ule Waashuru walipopita bondeni, wakamkuta malishoni, wakamfunga kamba na kumswaga pamoja na farasi aliokuwa akiwachunga. Walipelekwa magharibi, kuvuka mito, na tangu hapo hakuna habari yoyote, si ya uzima wala ya kifo. Na sisi mtu aliyechukuliwa hai hatumtaji. Tunaamini jina likiitwa linatoka kwenda kumtafuta mwenyewe, na njia ni ndefu, litapotea huko, naye abaki bila jina ugenini. Basi jina linatulizwa, na anayempenda zaidi ndiye anayepaswa kunyamaza zaidi. Arzue na Ulluse walikuwa wamekula, wamelala, wamevuna na kukamua miaka yote hiyo bila hata mmoja kulitamka mbele ya mwenzake.

Nawe fikiria mwanamke asiyeweza kuacha kusemesha tanuri, amefungiwa neno moja hilo.

Asubuhi ile lilimtoka tu, kama lilivyokuwa likimtoka zamani ndoo zilipomwagwa. Angeweza kuishia hapo. Lakini dume alikuwa amesimama, masikio mbele, anamtazama kwa lile jicho la mtoto anayejua amekosa. Kesho yake Arzue aliliita tena, polepole, ili aone kama linauma. Liliuma, na likampoza. Tangu siku hiyo kila alfajiri, mlango wa zizi ukishafungwa, alisema naye. Alimwambia habari za nyumbani, nani kaoa, mbuzi gani kafa, baba yako kifua leo afadhali. Alikuwa anajua anachofanya. Hilo nalisema kwa sababu wapo waliosema baadaye kwamba alipitiwa.

Theluji ya tatu ikayeyuka. Ikasikika kwamba wakaguzi wamekwisha fika kijiji cha chini, na Arzue akapoteza usingizi. Aliwajua wanavyokagua. Dume huachiwa uwanjani, watu wa nyumba yake husimama mstari mikono nyuma, midomo wameifunga. Akienda kwa mama yake au akiinamia majani, ni safi. Akimfuata mtu, ameharibiwa. Na yule dume, tangu mbali, akimwona tu Arzue alikuwa anakuja kumnusa shingoni.

Akaona hana budi kumshirikisha jirani.

"Shunae, niazime ushungi wako."

"Huu? Huu nimefungia mbuzi majuzi, unanuka."

"Ndio huohuo nautaka."

Shunae akamtazama juu mpaka chini. Alikuwa mjane mwenye jicho kali na mdomo mkali zaidi. "Wewe umemsemesha farasi."

"Nani kakwambia?"

"Nani asiyejua? Umeshindwa kumnyamazia samaki wa kukaanga, utamweza farasi? Umempa jina?"

Arzue akainamisha kichwa. Jina gani, hakusema, na Shunae, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakuuliza.

"Haya chukua," akasema. "Jipake na kitunguu. Na majivu. Mume wako akienda ukutani kwa ajili ya mdomo wako, sitakuja kulia nawe, nakwambia kweli. Machozi yangu ya ukuta ule yamekwisha."

Alfajiri ya siku ya ukaguzi Arzue alijipaka vitunguu, akajipaka majivu, akajifunga ushungi wa mbuzi, akawa ananuka hivi kwamba hata yeye alikuwa akijikwepa. Alipotoka nje alimkuta Ulluse anaoga. Ulluse, mtu ambaye maji na mwili wake vilikuwa vikikutana kwa nadra na kwa ugomvi, alikuwa amesimama kando ya kisima katika baridi ile, anajisugua kwa chumvi ya ziwani mpaka ngozi imekuwa nyekundu.

"Mume wangu, kuna harusi?"

"Watu wa mfalme wanakuja," Ulluse akajibu bila kugeuka. "Mtu hawezi kuwa safi?"

"Utakohoa."

"Nitakohoa." Kisha akavuta pua. "Na wewe mbona unanuka hivyo?"

"Ni Shunae," Arzue akasema, na yakaishia hapo.

Uwanjani walikuwa wamejaa nusu ya bonde. Mkaguzi mkuu aliitwa Karaku, mtu mnene, mpole, mwenye macho ya usingizi, ambaye inasemekana alilia siku farasi wake alipovunjika mguu. Aliwatazama wa nyumba nyingine wawili watatu, akachukua mmoja, akakataa mmoja kwa ajili ya kwato. Kisha akaashiria jike wa Arzue afungwe upande mmoja na dume aachiwe.

Dume akatoka mbio. Lo, alikuwa mzuri! Akazunguka uwanja mkia juu, matope yakiruka nyuma yake, na watu wakaanza kunong'ona kwa wivu ule mwema tunaowaonea farasi wa wengine. Karaku akafumbua macho vizuri. Arzue na Ulluse walikuwa wamesimama mstari, mikono nyuma, kati yao nafasi ya mtu mmoja.

Dume akapunguza mwendo. Akanusa hewa. Akaja moja kwa moja upande wa Arzue, naye Arzue akafumba macho na kumwomba Haldi, na Haldi akaonekana kusikia, kwa sababu zile kwato zilimpita. Alipofumbua macho akasikia watu wameguna.

Dume alikuwa ameweka kidevu chake begani mwa Ulluse.

Ulluse alisimama wima, uso umekauka, anatazama mbele kama ambaye hajui kuna farasi mzima amemlalia. Dume akamnusa sikio, akamnusa kwapa lililosuguliwa kwa chumvi bure, akakenua meno. Kisha, kana kwamba madhara hayajatosha, akanyoosha shingo upande wa pili, akausukuma kwa pua ushungi wa mbuzi mpaka ukaanguka, na kumpumulia Arzue usoni.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Shunae akamwambia afunge bakuli lake.

"Mzee wangu," Karaku akasema kwa huzuni kabisa, "huyu ameitwa."

"Ameitwa, bwana."

"Na nani?"

"Na mimi. Malishoni. Mke wangu hana habari."

Arzue akamgeukia kinywa wazi. Mtu huyu aliyekuwa akirudi jioni hana hata neno la kumwambia mkewe! Kumbe alikuwa anayamalizia huko.

"Unamwitaje?" Karaku akauliza, maana sheria inataka jina lisemwe mbele za watu.

Ulluse akakohoa kidogo. "Irishani," akasema.

Hata yule aliyecheka alitazama chini, kwa kuwa wote waliokuwapo walimjua mwenye jina. Arzue hakuwa amelisikia katika sauti ya mumewe tangu mwaka ule.

"Na wewe, mama?" Karaku akauliza taratibu. "Naona anakufahamu."

"Namwita hilohilo," Arzue akasema.

Ulluse akamtazama. Walitazamana, wazee wawili, mmoja ameoga na mwingine ananuka, farasi katikati yao, na kama isingekuwa mkosi uliokuwa mbele yao nadhani wangecheka.

Karaku akajikuna shingo. Sheria ilikuwa wazi, lakini alikuwa mtu wa huruma, akaendelea kuichimba. "Dume kama huyu simwachi kwa moyo mweupe. Ipo njia moja. Mwenye mali akimkana kwa jina, mbele ya watu, amsukume na ampe mgongo, jina linamtoka. Nitamchukua, na nyumba itakuwa imetoa. Jike ni wa nani?"

"Wangu," Arzue akasema. "Nilipewa na baba yangu nilipoolewa."

"Basi dume ni wako. Neno ni lako."

"Hapana," Ulluse akasema, kwa sauti ambayo bonde halikujua kwamba anayo. "Mke wangu, usiseme. Nakwenda ukutani. Nafunga mzigo leo. Usiseme neno hilo."

Arzue alielewa. Kumkana farasi angeweza kila siku, ni mnyama. Lakini kwa jina! Kulisema jina la mtoto, kwa mdomo uleule uliomlisha kwa kumtafunia, halafu kusema simjui, mbele ya watu waliomwona akikua. Na kama ni kweli jina likitamkwa linatoka kumtafuta mwenyewe, basi hilo ndilo lingemfikia huko aliko, kwamba mama yako amesema hakujui. Alitamani ardhi impasukie. Akamtazama mumewe, midomo yake imeanza kuwa ya bluu kwa kule kuoga, kifua kinapanda na kushuka kwa shida na ni asubuhi tu ya jua. Akamtazama Shunae, naye Shunae alikuwa ameshika mkanda wa kiume aliojifunga kiunoni.

Akapiga moyo konde. Akaweka kiganja kwenye paji la farasi.

"Sikukuita," akasema. Hakusikika, akaanza upya, kwa nguvu, asije akatakiwa kurudia. "Sikukuita. Irishani simjui. Nyumbani kwangu hayumo."

Akamsukuma. Dume akadhani ni mchezo, akarudi. Akamsukuma tena kwa mikono yote miwili, akampa mgongo, akaanza kutembea kwenda nyumbani, naye alijikaza asigeuke hata aliposikia dume akilia na watu wa Karaku wakimvuta. Watu walisogea kumpisha.

Ulluse alirudi muda mrefu baadaye. Arzue alikuwa amejiosha, ametoa mikate tanurini, ameweka mtindi na dengu mbele ya mahali pa mumewe. Ulluse akakaa, hakugusa.

"Ungeniacha niende," akasema.

"Ukafe. Halafu mimi nibaki na farasi. Farasi ndiye angekuwa ananikoholea usiku?"

"Usinitanie leo."

"Sikutanii. Nimechoka kuzika watu wasio na maiti." Akakata mkate, akamsogezea. "Kula."

"Umemkana mtoto," Ulluse akasema, na machozi yakamtoka bila aibu, yakiteremka kwenye ndevu. "Mbele ya bonde zima. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Nimemkana," Arzue akasema. "Nimelifukuza jina lake nyumbani, na sasa liko njiani peke yake, halina pa kwenda. Unataka tulinyamazie huko huko? Tutanyamaza mpaka lini, Ulluse? Tuliposhika adabu yote ile, alirudi?"

Ulluse akafuta ndevu kwa kiganja.

"Basi mimi naliita lirudi. Wewe ukitaka ziba masikio." Akaketi, akafuta mikono kwenye nguo, akasema wazi kama anayeita mtu aliye nje, "Irishani. Namjua. Nimemzaa kwenye chumba hicho, upepo ukiezua paa. Mguu wake wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia, viatu vilikuwa vinanitesa. Akidanganya anajikuna nyusi. Anaogopa bata, anajifanya haogopi. Dengu hapendi."

Ulluse akavuta mkate, akauchovya.

"Anapenda," akasema.

"Nini?"

"Irishani dengu anapenda. Wewe ndiye uliyekuwa unazitoa mbichi. Tukienda malishoni nilikuwa namchemshia tena."

"Mimi? Dengu zangu?"

"Zilikuwa kama changarawe, mke wangu. Mtoto alikuwa ananiomba nisikwambie."

Arzue alikaa akimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akalia, akacheka tena, akadai kuambiwa ni mambo gani mengine walikuwa wakimficha, na Ulluse, yule wa maneno ya kuhesabika, akaanza kuyatoa moja moja, nani alivunja mtungi, nani alikula zabibu za sadaka ya Haldi, wimbo gani wa matusi alimfundisha mtoto mwenyewe. Wakabishana. Jina likawa linarushwa huku na huku juu ya sahani, Irishani hivi, Irishani vile, mpaka likazoea tena midomo yao, na dengu zikaisha bila mtu kukumbuka kama ziliiva.

Kuta za nyumba zetu ni za udongo, hazifichi kitu. Upande wa pili Shunae alikuwa akisikiliza tangu mwanzo, hilo hakuna wa kulikanusha. Jua lilipokuwa linazama akatoka na kigae chake cha kuombea moto, ingawa moto kwake ulikuwa unawaka vizuri tu, akasimama mlangoni pa Arzue. Akaita kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani, kwa jina ambalo hakuna aliyekuwa amemwita Arzue tangu mwaka wa Waashuru.

"Hodi, Mama Irishani. Nimekuja kuomba kaa la moto."

Ndani sahani ikawekwa chini.

"Karibu, pita," Arzue akaitika. "Mama Irishani yupo."